Barua pepe taka: Zinavyotufikia, jinsi ya kuzipunguza na kukwepa matapeli

YEYOTE aliye na anwani ya barua pepe anaifahamu adha hii. Hufungua kikasha chake akitarajia jibu la mwajiri au taarifa ya benki, akalakiwa na tangazo la dawa asiyoihitaji, habari za ushindi wa bahati nasibu ambayo hakushiriki, na ujumbe wa mjane wa tajiri fulani aliyeacha mamilioni ya dola ambayo, kwa sababu zisizoelezwa vyema, hakuna anayefaa kuyapokea ila yeye.

Barua nyingi za aina hii ni kero tu. Hata hivyo, miongoni mwazo hujipenyeza chache zinazoweza kumpokonya mzazi karo ya muhula mzima au kuizamisha biashara ndogo. Zile za kuchekesha na zile za kuangamiza hupitia mlango mmoja, na aliyezoea kuzicheka za kwanza ni rahisi kudhani kwamba hawezi kunaswa na za pili. Makala haya yanaanza na jinsi biashara hii inavyoendeshwa, kwani anayeuelewa ujanja wenyewe hahitaji kukariri orodha ndefu ya maonyo.

Chimbuko la taka

Barua taka ni kongwe kuliko intaneti tunayoitumia. Mnamo Mei 3, 1978, Gary Thuerk, aliyekuwa akishughulikia mauzo katika kampuni ya tarakilishi ya Digital Equipment Corporation nchini Marekani, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 kupitia Arpanet, mtandao wa watafiti ulioitangulia intaneti. Malalamiko yalikuwa mengi, ingawa Thuerk mwenyewe alidai baadaye kwamba tangazo hilo liliiletea kampuni yake wateja. Miaka 16 baadaye, Aprili 1994, mawakili wawili wa jimbo la Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, waliyafurika maelfu ya majukwaa ya mjadala ya Usenet kwa tangazo la huduma zao kwa watu waliotaka kushiriki bahati nasibu ya vibali vya ukaazi wa Marekani. Hawakuomba radhi. Waliona wamegundua njia ya kuufikia ulimwengu bila kulipia stempu.

Jina Spam, ambalo wengi huliona kwenye folda ya barua zilizotengwa, ni la nyama ya mkebe iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka wa 1937. Lilihamia mitandaoni kwa njia ya mchezo wa kuchekesha wa kundi la Uingereza la Monty Python, uliotangazwa mwaka wa 1970, ambamo chakula hicho hutajwa na kuimbwa hadi mazungumzo mengine yote yakazama. Kiswahili kimeziita taka, na jina linafaa: ni barua taka kwa kuwa hakuna aliyezitaka.

Kwa nini haziishi? Mnamo Januari 2004, Bill Gates wa kampuni ya Microsoft aliuambia mkutano wa Davos kwamba tatizo hili lingekuwa limetatuliwa katika muda wa miaka miwili. Halikutatuliwa, na sababu yake ni hesabu. Mwaka wa 2008 watafiti wa vyuo vikuu vya California vya San Diego na Berkeley walijipenyeza katika mtandao wa tarakilishi zilizotekwa na wahalifu, wakafuatilia barua karibu milioni 350 zilizotangaza duka la dawa. Katika muda wa siku 26, walionuia kununua walikuwa 28.

Tuseme ni mchuuzi wa nyanya anayewapigia kelele watu milioni 12 na nusu ili auze fungu moja. Angekuwa mtu wa koo, angekufa njaa. Mtumaji wa barua taka hafi kwa sababu sauti si yake. Hutumia tarakilishi za watu wengine, zilizoambukizwa virusi bila wenyewe kujua, na umeme na mtandao unalipiwa na hao hao. Novemba mwaka huo, kampuni moja ya California iitwayo McColo, ambayo seva zake zilitumiwa kuendesha mitandao ya aina hiyo, ilipokatiwa intaneti, barua taka duniani zilipungua kwa zaidi ya nusu karibu mara moja. Baada ya miezi kadhaa zilikuwa zimerejea, maana waliozituma walihamia kwingine.

Katika biashara ya namna hiyo, anwani yako ni bidhaa, tena ya bei rahisi. Jibu lako ndilo adimu. Mtu mmoja kati ya mamilioni anapojibu, hata kama ni kwa matusi, amejitenga na umati na kujitangaza kuwa yupo, anasoma na ana hisia za kuchezewa.

Wanaipata wapi anwani yako

Ziko programu ambazo kazi yake ni kuzunguka katika tovuti zikiokota kila kitu chenye alama ya @. Nyingine hubahatisha, zikiunganisha majina ya kawaida na majina ya huduma maarufu. Chanzo kikubwa zaidi ni wizi katika kampuni tulizozikabidhi habari zetu. Yahoo, kwa mfano, ilikiri Oktoba 2017 kwamba uvamizi wa mwaka wa 2013 uligusa akaunti zake zote, zipatazo bilioni tatu. Mkenya aliyefungua akaunti yake ya kwanza katika mkahawa wa intaneti wa Moi Avenue alikuwamo katika hesabu hiyo sawa na yeyote kule New York.

Sisi nasi tuna mchango wetu. Hudhuria warsha yoyote hapa nchini, na kabla ya chai ya saa nne karatasi ya mahudhurio itakuwa imepita meza zote ikidai jina, nambari ya simu, barua pepe na sahihi, na nusu saa baadaye imelala mlangoni bila mlinzi. Fomu ya kupata Wi-Fi ya bure hotelini hufanya vivyo hivyo. Na kuna ule mtindo wa kutuma ujumbe kwa watu 80 huku anwani zote 80 zikiwa zimeanikwa juu. Iko sehemu ya Bcc kwa kazi hiyo. Anwani zilizowekwa humo hazionekani na wapokeaji wengine. Anayetuma ratiba ya mazishi au mwaliko wa harusi kwa jamaa wote angewafanyia hisani kuitumia.

Kuzipunguza

Huwezi kuzimaliza, ila unaweza kuzipunguza sana. Lililo rahisi zaidi ni kuwa na anwani mbili. Ya kwanza iwe ya benki, mwajiri, shule na jamaa, wala usiiandike popote pengine. Ya pili iwe ya mashindano, warsha, maduka na kila fomu isiyokuwa na ulazima. Ya pili ikijaa taka, iache, hakuna utakachopoteza.

Barua taka inapoingia, usiifute tu. Iripoti kwa kubofya kitufe cha kuitambulisha kuwa taka. Tofauti ni kubwa. Vichujio vya kisasa hujifunza kwa mifano: hupima maneno na tabia za barua zilizokataliwa na zile zilizokubaliwa, kisha hukadiria uwezekano wa barua mpya kuwa taka. Mbinu hiyo ilipata umaarufu baada ya Paul Graham, mwanaprogramu wa Marekani, kuchapisha insha kuihusu Agosti 2002. Anayefuta kimya kimya hakifunzi kichujio chochote.

Kuhusu kile kiungo cha kujiondoa kilicho chini ya barua, ushauri hutegemea mtumaji. Ikiwa ni duka au shirika la ndege ulilowahi kulipa anwani yako, kibofye. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinawataka watumaji wa barua kwa wingi kuthibitisha kwamba barua ni zao na kumwezesha mpokeaji kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Lakini ikiwa humjui mtumaji, usikiguse. Kwa tapeli, mbofyo huo ni ushahidi kwamba anwani iko hai.

Picha nazo hupeleleza. Barua inaweza kubeba picha isiyoonekana kwa macho, na pindi programu yako inapoipakua, mtumaji hupata habari kwamba umeifungua. Katika mipangilio ya huduma nyingi unaweza kuagiza picha zisipakuliwe hadi uruhusu.

Anayetafuta kazi asisahau kuipekua folda ya taka angalau mara moja kwa wiki. Vichujio hukosea, na mwaliko wa mahojiano uliozikwa humo haungoji.

Kwa kampuni za humu nchini kuna njia nyingine. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inakupa haki ya kukataa habari zako zisitumiwe kukuuzia bidhaa, na asiyesikia anaweza kushtakiwa katika Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Duka la Nairobi linalokukera kila Ijumaa lina anwani na leseni, hivyo sheria italifikia. Tapeli aliye ng'ambo na jina la bandia haitishwi na kamishna wa nchi yoyote.

Ada baada ya ada

Ulaghai maarufu zaidi huitwa 419, kutokana na kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria kinachoharamisha kujipatia mali kwa hila. Jina hilo limewaonea Wanigeria, kwa maana hila yenyewe ni ya kale na matapeli wake wamo katika kila taifa, letu likiwamo. Katika karne ya 19 ilifanywa Ulaya kwa barua za karatasi: tajiri amefungwa gerezani Uhispania, asaidiwe gharama za kumkomboa, naye atagawa hazina yake. Mfungwa amegeuka kuwa mjane, na hazina imekuwa akaunti ya benki. Mtego haujabadilika: unalipa kidogo leo ili upate kingi kesho, na kesho kunazuka kikwazo kipya chenye ada yake.

Watu huuliza kwa nini barua hizo huwa za kipuuzi kiasi hicho. Mwaka wa 2012, Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, alitoa maelezo yenye kushawishi. Kutuma ni bure, lakini kushughulika na wanaojibu kunamchosha tapeli. Hivyo hadithi isiyoaminika ni kichujio chake. Wenye shaka hujiondoa mapema, na anayebaki ni yule anayeelekea kulipa.

Hapa kwetu, mjane wa tajiri hafui dafu mbele ya barua ya kazi. Kijana aliyemaliza chuo na kuzunguka na bahasha ya vyeti miaka miwili hupokea ujumbe kwamba amechaguliwa kwa kazi katika Ghuba, Canada au katika shirika la kimataifa. Kuna nembo, kuna sahihi, kuna mshahara wa kutajika. Kinachosalia ni ada ya viza, ya uchunguzi wa kimatibabu au ya kufungua faili. Familia inauza ng'ombe, au chama kinatoa mkopo. Ada ya kwanza ikishalipwa, ya pili hulipwa kwa urahisi zaidi, maana kukataa ni kukiri kwamba ya kwanza imepotea. Tapeli analijua hilo kuliko mwanasaikolojia yeyote, na hapo ndipo anapopata riziki.

Umoja wa Mataifa husema wazi kwamba hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri. Mwajiri yeyote wa kweli huangalia stakabadhi zako na kukuhoji kabla ya kukupa kazi. Anayekupa kazi ambayo hukuiomba, bila mahojiano, kisha akataka pesa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, ni mwizi, hata barua yake iwe na nembo tatu. Vivyo hivyo kwa ufadhili wa masomo na zabuni zinazokutaka ulipie usajili kwanza.

Kuna nyingine inayowatia watu jakamoyo. Mtumaji hudai amekurekodi kwa kamera ya tarakilishi yako ukitazama picha za aibu, na ili kukuaminisha anataja nywila uliyowahi kuitumia. Anataka sarafu za Bitcoin ndani ya siku chache. Barua hizo zilienea mwaka wa 2018, na nywila hutoka katika orodha zilizoibwa kutoka kwa kampuni, si katika tarakilishi yako. Usilipe wala usijibu. Ibadilishe nywila hiyo popote inapotumika.

Anwani za bandia

Hatari zaidi ni barua zinazojifanya kutoka kwa taasisi unayoijua: benki, huduma ya barua pepe, au Mamlaka ya Ushuru, KRA, hasa Juni inapokaribia kwisha na wananchi wanakimbizana na makataa ya kuwasilisha taarifa za mapato. Huambiwa akaunti itafungwa, au unadai marejesho ya kodi, kisha hupewa kiungo cha kuingia. Ukurasa unaofunguka hufanana na wa kweli kwa kila hali, ila nywila unayoiandika humfikia mwizi.

Jina la mtumaji si ushahidi. Kanuni za kusafirisha barua pepe ziliandikwa mwaka wa 1982, wakati watumiaji walikuwa wachache na wengi wao wakijuana, na hazikumtaka mtumaji athibitishe kwamba yeye ndiye. Baadaye ziliongezwa kinga tatu ziitwazo SPF, DKIM na DMARC, ambazo kila shirika lenye jina lake kwenye mtandao linapaswa kumwagiza fundi wake aziweke ili wengine wasiandike kwa jina hilo.

Wewe msomaji jifunze kuisoma anwani ya tovuti. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina, kisha usome kurudi nyuma kuelekea kushoto. Anwani inayokomea kra.go.ke ni ya KRA, na .go.ke imetengewa idara za serikali. Lakini katika kra.go.ke.marejesho-kodi.com, mwenye tovuti ni marejesho-kodi.com, hayo mengine ni mapambo aliyojiwekea. Kwenye rununu anwani mara nyingi hukatwa isionekane yote, kwa hiyo usifuate kiungo hata kidogo. Iandike anwani ya taasisi kwa mkono wako mwenyewe.

Zamani tulishauriwa kuitambua barua ya tapeli kwa makosa ya sarufi. Ushauri huo umepitwa na wakati. Programu za akili bandia sasa huandika Kiingereza kisicho na dosari na Kiswahili ambacho mhariri angekipitisha bila kalamu nyekundu. Tazama inachokuomba barua, na haraka inayokutia. Ufasaha wake haukuambii kitu.

Ankara iliyobadilika

Kati ya 2013 na 2015, Evaldas Rimasauskas, raia wa Lithuania, alisajili kampuni yenye jina sawa na la Quanta, kampuni ya Taiwan inayounda tarakilishi, kisha ankara za bandia zikatumwa kwa barua pepe kwa Google na Facebook, zilizokuwa zikifanya biashara na Quanta ya kweli. Zaidi ya dola milioni 100 zililipwa. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitano mjini New York Desemba 2019. Ikiwa wahasibu wa kampuni hizo walilipa, mweka hazina wa chama chenu asijidanganye. Idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilipokea malalamiko ya hasara ya takriban dola bilioni 2.9 kwa ulaghai wa aina hii katika mwaka wa 2023 pekee.

Barua kama hiyo haina mjane wala hazina. Inatoka, au inaonekana kutoka, kwa mtu unayefanya naye kazi. Muuzaji wa magari makuukuu nchini Japani anamwandikia mnunuzi wa Mombasa kwamba benki yake inakaguliwa, hivyo salio litumwe kwenye akaunti nyingine. Mwenyekiti aliye safarini anamtaka katibu alipe fundi upesi. Pengine mwizi ameshaingia katika akaunti ya mmoja wao na kusoma mazungumzo ya wiki tatu, kwa hiyo anajua kiasi, tarehe na hata mzaha wenu.

Kinga ni simu. Nambari ya akaunti ikibadilika, mpigie mhusika kwa nambari uliyokuwa nayo awali, si ile iliyomo katika barua hiyo, kisha umsikie mwenyewe. Kampuni, shule na vyama viweke kanuni kwamba hakuna malipo kwa akaunti mpya bila simu hiyo na bila sahihi ya mtu wa pili, na mkubwa asikasirike anapopigiwa. Wizi huu hufaulu zaidi pale ambapo mdogo anaogopa kumuuliza mkubwa wake.

Nywila ya barua pepe nayo isitumiwe kwingine kokote. Ukisahau nywila ya huduma nyingine, nyingi hukutumia barua ya kuibadilisha, kwa hiyo aliye na kikasha chako ana funguo zote. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na usimtajie yeyote nambari ya siri inayotumwa kwenye simu yako, hata akisema ni wa benki.

Ukishanaswa

Dakika za kwanza ndizo muhimu. Piga simu benki na utake malipo yasimamishwe. Waliotuma kwa M-Pesa waupeleke ujumbe wa uthibitisho kwa 456, ingawa pesa zikishatolewa ni vigumu kuzirudisha. Badilisha nywila, ondoa vifaa vingine vilivyoingia katika akaunti yako, na ukague mipangilio ya kupeleka barua kwingine, maana wezi huacha agizo humo ili waendelee kupata nakala hata baada ya kufungiwa nje. Usizifute barua, ni ushahidi. Ripoti katika kituo cha polisi au kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Sheria ya Uhalifu wa Kompyuta ilipopitishwa mwaka wa 2018, ilimwekea anayenasa watu kwa tovuti au ujumbe wa bandia faini isiyozidi Sh300,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Kisha tahadhari na barua itakayofuata. Majina ya waliotapeliwa huuzwa miongoni mwa matapeli, na baada ya wiki chache huenda ukaandikiwa na mtu anayejiita wakili au mpelelezi. Atakijua kiasi ulichopoteza na tarehe ulipokipoteza. Atasema kimepatikana, na kwamba kinachosalia ni ada ndogo ya kukirejesha.